Msimu wa Filamu za Misitu: Maswali Mnayotuuliza Mlangoni

Sinema hii inaendeshwa na wanafunzi mwanzo mwisho. Anayekukagulia tiketi ana mtihani kesho asubuhi, anayeendesha projekta ametoka maabara mbio mbio, na mwandishi wa majibu haya alitakiwa muda huu awe anamalizia tasnifu. Msimu huu tunaonyesha filamu za misitu, na maswali yamezidi ya misimu yote iliyopita. Tumeyakusanya hapa. Mengine tumeyajibu kwa sentensi mbili, mengine yametunogea, mtatuvumilia.

Kwa nini misitu?

Kwa sababu ya mtoto mmoja aliyekuwa anakula. Mwaka 1895 ndugu wawili wa Kifaransa, Auguste na Louis Lumière, walitengeneza filamu fupi isiyofika dakika moja. Auguste na mkewe wamekaa mezani, nje, wanamlisha binti yao mchanga. Basi. Inasimuliwa kwamba watazamaji wa mwanzo hawakumjali sana mtoto. Kilichowaacha midomo wazi ni majani ya miti nyuma ya meza, yakitikisika kwa upepo. Watu wanaokula walishawaona kwenye tamthilia. Miti ya jukwaani ilikuwa imechorwa kwenye turubai, na turubai haina upepo.

Tukasema, kama sinema ilianza kuwateka watu kwa majani, turudi kwenye majani.

Kuna sababu ya pili, na hii ndiyo iliyotukesha kwenye kikao. Kamera imeumbwa ionyeshe. Msitu umeumbwa ufiche. Ukiipeleka kamera jangwani itakuletea kila kitu mpaka upeo wa macho. Ukiipeleka msituni, hatua ishirini mbele ni ukuta. Mwongozaji anabaki na kazi ya kuamua nini tutakiona, nini tutakisikia tu, na nini hatutakijua kamwe. Filamu tulizochagua ni za watu walioingia humo wakakubali kunyimwa.

Kwa hiyo ni filamu za kuhifadhi mazingira?

Mbili tatu, ndiyo. Taking Root (2008) inamfuata Wangari Maathai, aliyeanzisha vuguvugu la Green Belt mwaka 1977 na kupewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004. Hiyo ilipita bila kura. Nyingine ni katuni ya nusu saa ya Frédéric Back, The Man Who Planted Trees (1987), iliyochorwa kwa penseli za rangi na kushinda Oscar. Inamhusu mchungaji anayepanda mbegu za mialoni moja moja, miaka nenda miaka rudi, huku vita viwili vya dunia vikimpita pembeni.

Tahadhari kuhusu hiyo ya pili: kila inapoonyeshwa, kuna mtu hutoka akiamini mchungaji yule aliishi kweli. Hakuishi. Jean Giono, aliyeandika hadithi hiyo, alieleza mwenyewe kwamba alimbuni ili watu wapende kupanda miti. Tulipolitaja hilo baada ya onyesho la majaribio, nusu ya ukumbi walijiona wametapeliwa na nusu nyingine wakasema mti uliopandwa kwa sababu ya uongo hutoa kivuli kile kile. Hatukuafikiana.

Filamu zilizobaki hazikupi somo. Katika baadhi yake msitu ndio unaoua.

Mnaposema msitu mnamaanisha nini? Pori nalo limo?

Swali zuri, na lilitugombanisha wiki mbili. Kiswahili kina msitu, pori, mwitu, nyika na kichaka, na kila mjumbe alikuja na mpaka wake. Mwishowe tulikubaliana kipimo kimoja cha kienyeji: je, mtu anaweza kupotea akiwa amesimama hatua chache kutoka njiani? Kama ndiyo, ni msitu wetu. Nyika ikaanguka hapo hapo, maana nyikani hata anayepotea anaona mbali. Ndiyo sababu hutakuta humu filamu za simba na twiga. Zinapendeza, lakini hazifichi kitu.

Mikoko tuliipitisha kwa kauli moja, kisha hatukupata filamu yake.

Nikipata nafasi ya kuja usiku mmoja tu, nije upi?

Njoo kwenye Rashomon (1950) ya Akira Kurosawa. Ina dakika 88, haikuchoshi, na ndani yake kuna matembezi ya msituni ambayo wapiga picha wanayajadili hadi leo. Mkata kuni anaingia msituni na shoka begani. Hakuna maneno. Kamera inamfuata, inamtangulia, inampita kando, kisha inainua uso na kulitazama jua lenyewe kupitia majani. Enzi hizo kuelekeza lenzi kwenye jua kulihesabiwa kosa. Kazuo Miyagawa, mpiga picha, akafanya hivyo hivyo. Na kwa kuwa chini ya miti palikuwa na giza mno kwa mkanda wa wakati ule, walitumia vioo kulirusha jua kwenye nyuso za waigizaji. Ukitazama vizuri utaona mwanga unacheza shavuni kana kwamba umepenya kwenye matawi, kumbe umepigwa kutoka kwenye kioo.

Hadithi yenyewe ni ya mauaji yanayosimuliwa mara nne, na masimulizi hayakubaliani. Chanzo chake kikuu ni hadithi fupi ya Ryūnosuke Akutagawa iliyotoka mwaka 1922, ambayo jina lake tungeweza kulitafsiri kwa neno moja: Kichakani. Wajapani mpaka leo hutumia neno hilo kwa jambo ambalo ukweli wake haushikiki. Filamu ilishinda Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Venice, mwaka 1951. Sisi tunaipenda kwa jambo moja zaidi: kila shahidi anapoanza kusimulia, msitu ni ule ule, vivuli ni vile vile, na bado hausaidii kitu.

Na nikiweza kuja usiku wote?

Basi wewe ni wetu, na tutakutafutia kazi (soma swali la mwisho). Kwa ufupi, msimu unapita hivi.

Wiki ya kwanza ni ya miti inayoanguka. Shadows of Forgotten Ancestors (1965) ya Sergei Parajanov, iliyopigwa kwenye milima ya Carpathia, inafunguka na mti unaokatwa, na kamera inaanguka pamoja nao kutoka kileleni, kama vile mti ndio unaotazama. Chini yupo mtu. Hatusemi zaidi. Usiku unaofuata ni Dersu Uzala (1975), Kurosawa tena, safari hii kwenye misitu ya mashariki ya mbali ya Urusi na kwa mkanda mpana wa milimita 70. Inaanza na afisa anayelitafuta kaburi la rafiki yake. Alimzika chini ya miti mikubwa ili asilipoteze kaburi. Amerudi, mji unajengwa, miti imekatwa, na kaburi halijulikani lilipo. Kisha filamu inarudi nyuma kumwonyesha huyo rafiki akiwa hai, mwindaji anayezungumza na moto na chui milia kana kwamba ni majirani. Unaitazama yote ukijua miti itakatwa.

Wiki ya pili tunahamia Amazon. Embrace of the Serpent (2015) ya Ciro Guerra ilituchanganya mwanzoni, kwani nani anakwenda Amazon na kupiga picha nyeusi na nyeupe? Ukiiona utaelewa. Rangi ya kijani tumeizoea kwenye kalenda kiasi kwamba hatuioni tena. Ukiiondoa, unaanza kuona maumbo, unyevu, ngozi ya mto. Inafuata safari mbili za wageni waliokuja kwa miongo tofauti kutafuta mmea mmoja, zote zikiongozwa na mganga yule yule, kijana mara ya kwanza na mzee mara ya pili. Makovu ya biashara ya utomvu wa mpira yamo, tena ya kutisha.

Zinazofuata tumezipa maswali yake hapo chini, kwa sababu ndizo mnazoziulizia.

Kwa nini wiki nzima ya vita?

Kiswahili kilitupa jibu kabla hatujauliza. Ukisema fulani "ameingia msituni", hakuna anayedhani amekwenda kuokota kuni. Amechukua silaha.

Warusi na Wabelarusi wanalijua hilo vizuri, maana katika Vita Kuu ya Pili wapiganaji wao waliishi misituni kwa miaka. Tunaonyesha tatu kwa mfuatano. Katika The Cranes Are Flying (1957) ya Mikhail Kalatozov, askari anapigwa risasi kwenye matope, na kabla hajaanguka vilele vya miti vinaanza kuzunguka juu yake, vinazunguka, vinazunguka. Filamu ilichukua tuzo kuu ya tamasha la Cannes mwaka 1958. Ivan's Childhood (1962), filamu ndefu ya kwanza ya Andrei Tarkovsky, ina msitu wa miti myeupe iliyonyooka na safi hadi unajisikia vibaya kuona vita vikiendelea karibu yake.

Ya tatu ni Come and See (1985) ya Elem Klimov. Hapa tunaomba usikilize. Ni dakika 142 za kijana wa Belarus anayefukua bunduki mchangani, anaingia msituni kwa furaha ya kitoto, na kinachofuata hakivumiliki kirahisi. Mwishoni maandishi yanataja vijiji 628 vilivyochomwa pamoja na watu wake, na hilo si la kubuni. Mlango utakuwa wazi muda wote. Ukihitaji kutoka, toka, hakuna atakayekuuliza. Mjumbe mmoja wa kamati atakuwa nje kwa yeyote anayetaka kukaa na mtu.

Kuna za kutisha?

Ipo The Blair Witch Project (1999). Wanafunzi watatu wanaingia msituni na kamera kutafuta habari za mchawi, wanapotea, na sisi tunaona walichokirekodi tu. Mchawi haonekani hata mara moja. Tumeona filamu zenye madubwana ya mamilioni ya dola ambazo hazikutunyima usingizi, na hii yenye vijiti vilivyofungwa kwa kamba inatunyima. Ndiyo kauli yetu ya mwanzo: msitu unaficha, na mwongozaji mwerevu anauacha ufiche.

Onyo la kitabibu kidogo. Kamera inatikisika mfululizo. Kama hupendi kusoma ndani ya gari linalokwenda, kaa viti vya nyuma.

Hao waigizaji wakuu ni akina nani? Sioni majina makubwa.

Tumelelewa kwenye imani kwamba stelingi hafi. Katika filamu hizi stelingi ni msitu, na kwa bahati mbaya mara nyingi hufa.

Nimesikia kuna filamu ambayo nusu nzima haina maneno. Nikisinzia?

Sinzia. Apichatpong Weerasethakul, aliyeitengeneza, amekwisha kusema zaidi ya mara moja kwamba hana tatizo na mtu anayelala ndani ya filamu zake, na sisi si wakali kumshinda mwenye mali.

Filamu ni Tropical Malady (2004), kutoka Thailand. Nusu ya kwanza ni mapenzi ya vijana wawili wa kiume, mmoja askari. Katikati filamu inakatika, skrini inakuwa nyeusi, na unapodhani projekta imeharibika (haijaharibika, tafadhali usije kutugongea kibanda), inaanza hadithi nyingine. Askari yuko peke yake msituni usiku, anamfuatilia mganga anayejigeuza chui milia. Mazungumzo karibu hakuna. Kuna vyura, wadudu, na tumbili anayezungumza. Ushauri wetu kwa anayeiona mara ya kwanza: usitafute maana katika nusu saa ya mwanzo ya msituni. Sikiliza. Macho yako yatachukua muda kuzoea giza, kama yanavyofanya gizani kwenyewe, na polepole utaanza kuona majani ambayo dakika moja nyuma uliapa hayapo.

Filamu hizi si zipo mtandaoni? Kwa nini nitoke nyumbani?

Baadhi zipo. Tutakupa sababu ya kiufundi, maana ile ya "ukumbini kuna raha yake" mmeshaichoka.

Video ya mtandaoni hufinywa ili ipite kwenye intaneti. Ufinyaji huo unategemea ujanja mmoja: sehemu kubwa ya fremu hii (picha moja kati ya nyingi zinazounda video) inafanana na fremu iliyopita, kwa hiyo programu inahifadhi tofauti tu. Mtu akizungumza mbele ya ukuta, ujanja unafanya kazi vizuri sana. Sasa mpe msitu wenye upepo. Kuna majani elfu kumi, kila moja linakwenda upande wake, na hakuna kinachofanana na fremu iliyopita. Programu inazidiwa na kuanza kukoroga. Ndiyo maana ukitazama msitu kwenye simu majani yanakuwa uji wa kijani, na kivuli kinakuwa vipande vyeusi vya mraba.

Faili la sinema haliko hivyo. Kila fremu inafinywa peke yake bila kuitegemea jirani yake, na data inaweza kufika megabiti 250 kwa sekunde. Jani linabaki jani. Hakuna aina ya filamu inayopoteza zaidi kwenye skrini ndogo kuliko filamu ya msitu, isipokuwa labda ya mvua.

Halafu kuna giza. Sebuleni kwako kuna taa ya friji, taa ya chaja, na dirisha. Filamu iliyopigwa kwenye mwanga hafifu wa chini ya miti inahitaji chumba ambacho hakishindani nayo.

Mnaonyesha kwa mkanda au kwa faili?

Kwa sehemu kubwa ni faili. Mkanda wa milimita 35 tutauonyesha usiku mmoja, wa Rashomon, ikiwa nakala itafika salama.

Kwa wanaopenda hesabu, mkanda hupita kwa fremu 24 kwa sekunde, ambayo ni mita 27 na ushee kwa dakika. Dakika 88 ni karibu kilomita mbili na nusu za picha, zilizogawanywa kwenye magurudumu ya mita 600 hivi, kila moja likichukua dakika ishirini na kitu. Tuna projekta mbili. Gurudumu moja likikaribia kuisha, utaona kialama kidogo cha mviringo kikimweka kwenye kona ya juu kulia ya picha, kisha sekunde chache baadaye kingine. Cha kwanza kinamwambia mwonyeshaji awashe mota ya projekta ya pili, cha pili kinamwambia abadilishe. Akichelewa, mtaona mwanga mweupe na mtasikia tusi kutoka kibandani. Tunaomba radhi mapema kwa vyote viwili.

Na jambo ambalo tulilijua kwa kuchelewa, tukalipenda. Mikanda ya filamu kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 ilitengenezwa kwa selulosi, kitu kile kile kinachojenga kuta za seli za mimea, kikipatikana kwenye pamba au kwenye miti. Ya zamani, ya selulosi naitreti, ilikuwa inashika moto vibaya mno, ikaachwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kwa hiyo msitu wa Kurosawa, kwa namna fulani, ulipigwa chapa juu ya mmea.

Watengenezaji wenyewe hawakuharibu misitu?

Wapo walioharibu, na tumeweka usiku mbili mfululizo kwa ajili ya swali hilo.

Usiku wa kwanza ni Fitzcarraldo (1982) ya Werner Herzog: mtu mwenye ndoto ya kujenga jumba la opera ndani ya msitu wa Peru anaamua kuivusha meli juu ya kilima. Herzog hakutaka meli ya kuchezea wala hila za kamera. Alifyeka njia kwenye kilima halisi na kuivuta meli halisi, kwa nguvu za wenyeji waliokodiwa. Cha kuchekesha, kama unaweza kucheka, ni kwamba mfanyabiashara wa kweli aliyempa wazo hilo aliivusha meli yake ikiwa imefunguliwa vipande vipande. Mwongozaji alikuwa mkaidi kumzidi mhusika wake.

Usiku wa pili ni Burden of Dreams (1982), ambayo Les Blank aliipiga huku filamu ya kwanza ikitengenezwa. Hapo utaona gharama. Watu wa Aguaruna, wenyeji wa msitu huo, hawakuwataka wageni hao kwenye ardhi yao, na mwaka 1979 kambi ya kwanza ya Herzog ilichomwa moto, akahamia kwingine. Kamati yetu imegawanyika. Wengine wanasema filamu haikupaswa kutengenezwa hata kidogo. Wengine wanasema imekwisha kutengenezwa, kilima kilishafyekwa, na kuificha hakurudishi mti hata mmoja. Tulichokubaliana ni kwamba hatutaonyesha ya kwanza bila ya pili.

Naweza kuja na watoto?

Mchana wa Jumamosi wa katuni, ndiyo, lakini soma kwanza. Ile ya mchungaji inamfaa kila mtu. Princess Mononoke (1997) ya Hayao Miyazaki haiwafai wadogo sana, hata kama ni ya kuchorwa: mishale inakata mikono na vichwa, na mara zaidi ya moja.

Kwa wenye umri wa kutosha, hii ni kati ya tunazozipenda kuliko zote. Misitu yake ilichorwa kwa kuangalia kisiwa cha Yakushima, kusini mwa Japani, ambako kuna mierezi iliyoishi zaidi ya miaka elfu na kuvumwani kumetanda kila jiwe. Na mfyeka misitu wake si jini. Ni mama mwenye kiwanda cha chuma aliyewapa kazi wanawake waliotolewa kwenye madanguro na wagonjwa wa ukoma ambao hakuna aliyetaka kuwagusa. Tanuri lake linahitaji kuni. Mtoto wako atakuuliza nani mbaya. Andaa jibu.

Nitazielewa? Sijui Kijapani wala Kirusi.

Zote zina tafsiri iliyoandikwa chini ya picha. Kaa mstari wa kati kama macho yako yanachoka kusoma.

Simu?

Izime. Kuipunguza mwanga hakutoshi. Kwenye filamu ambayo nusu yake ni giza, simu moja ni kama mtu amewasha tochi msituni, na wanyama wote wamekimbia.

Mbona filamu fulani haipo? Ninayo nyumbani, niwaletee?

Asante, lakini hapana. Kununua diski kunakupa haki ya kuitazama nyumbani kwako. Kuionyesha hadharani ni haki nyingine, na lazima iombwe kwa mwenye nayo, hata kama waonyeshaji ni wanafunzi. Wakati mwingine msambazaji anajibu siku hiyo hiyo. Wakati mwingine kampuni ilishakufa, haki zimegawanywa kwa warithi, na barua zetu zinarudi. Filamu nne tulizozitaka sana tulizikosa kwa njia hiyo.

Hata ruhusa ikipatikana, faili huja limefungwa, na ufunguo wake wa kidijitali hufungua kwenye mtambo mmoja tu na kwa saa zilizotajwa tu. Msimu uliopita tulitumiwa ufunguo wenye tarehe ya kesho yake. Ukumbi umejaa, taa zimezimwa, kompyuta inakataa. Tulichokuwa nacho kisichohitaji ruhusa ya mtu ni ile filamu ya mtoto wa akina Lumière. Tukaiweka. Ilipoisha, chini ya dakika moja baadaye, tukaiweka tena. Mara ya tatu watu walikuwa wanacheka. Mara ya tano hakuna aliyekuwa anacheka, na mtu wa mstari wa mbele akanyoosha kidole kuonyesha juu ya kichwa cha yule mtoto, kwenye majani. Msimu huu ulizaliwa usiku ule, na ufunguo tangu hapo tunaujaribu siku mbili kabla.

Nataka kujiunga na kamati. Sijui lolote kuhusu filamu.

Wahenga walisema penye miti hakuna wajenzi, na sisi tulikuta ukumbi wenye projekta mbili zilizofunikwa vumbi na hakuna aliyejua kuziwasha. Tulijifunza kwa kukosea. Wewe utajifunza kwa wiki sita hivi: wiki mbili mlangoni, mbili ukumbini, mbili kibandani ukiwa na mwenyeji wako, kisha unaachiwa gurudumu lako la kwanza. Vikao ni Jumanne jioni baada ya vipindi, na yeyote anayehudhuria vitatu mfululizo anapata kura ya kuchagua filamu.

Mada ya msimu ujao bado inabishaniwa. Kuna kundi linataka bahari. Mjumbe wa mikoko amesema safari hii hatakubali kushindwa.